Nani ataketi chini afinyange? Vyungu vya wamama wetu na lawama tunazowapa wasichana

Jumapili Kibuye inajaa mpaka barabarani, hiyo mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa. Ukipita mitumba, upite sufuria zinazong'aa na mabeseni ya plastiki ya kila rangi, huko pembeni ndio utapata vyungu vimepangwa chini juu ya nyasi kavu, na wenye kuviuza karibu wote ni wamama wa rika la nyanya yangu. Nilikua nimeenda kutafuta chungu cha maji, dapi vile tunaita kwa Kijaluo, nikapata mama mmoja ana vitatu pekee. Nikamuuliza kama kuna mtu anamfunza hii kazi. Akaniangalia kidogo akasema, "Nyathina, nifunze nani? Bibi za vijana wangu wote wako town."

Hilo jibu nimekaa nalo sana. Nilipolisema nyumbani tukiwa tumekutana kwa matanga likazua mjadala mpaka chai ikapoa. Mjomba wangu akasema wasichana wa siku hizi ndio wameua mila, wanataka kucha ndefu na simu, nani ataketi chini afinyange. Binamu yangu, ambaye ni nesi na amelea watoto watatu akifanya shifti za usiku, akamjibu kwa heshima yake yote, "Mjomba, wewe umewahi kubeba udongo?" Watu wakanyamaza. Halafu akaongeza kwamba hiyo kazi ilikua umaskini, na kama inaisha wacha iishe, wamama wapumzike.

Mimi sikusema kitu siku hiyo lakini nimekua nikiwaza, na naona kila mmoja alikua ameshika ukweli kwa mkono mmoja, ila kuna swali wote wawili waliliruka, nalo ni nani alikua analipia huo ujuzi wakati wote ule tulikua tunasema uko hai.

Wacha nianze na kazi yenyewe, juu watu wengi wanaopenda chungu hawajawahi kukiona kikitoka. Udongo wa kufinyangia haupatikani kila shamba, uko kwa mabwawa na kando ya mito, na unachimbwa kwenda chini kidogo ukipita ule wa juu wenye mizizi, unabebwa kwa kichwa ndani ya gunia ama beseni ukiwa bado na maji yake, na yeyote amewahi beba beseni ya udongo mbichi anajua shingo inavyouma kesho yake. Ukifika nyumbani unalowekwa, unapondwa, mawe yanatolewa moja moja kwa vidole, halafu unachanganywa na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, na hapo ndio kuna akili kubwa, kwamba chungu kilichovunjika kinaingia ndani ya kipya ili kile kipya kisipasuke kikikutana na moto. Hakuna mashine ya kuzungusha. Mama anakunja udongo kama kamba nene, anaipandisha juu ya nyingine, anabana kwa vidole, na ni yeye ndiye anazunguka chungu akiwa ameinama, chungu kimetulia. Ndani na nje analainisha kwa gunzi na kwa jiwe laini, shingoni anaviringisha kamba iliyosukwa ili iache alama, na ukijua kusoma hizo alama unaweza kujua chungu kimetoka upande gani.

Halafu kinangojewa kikauke, kivulini, polepole, siku kadhaa na wakati wa mvua hata wiki na zaidi, kwa sababu ukikiharakisha kwa jua kinapasuka. Waswahili wanasema udongo uwahi ungali maji, na ni kweli, lakini ukishatoka maji ni udongo ndio unakuambia ungoje. Mwisho ni moto. Vyungu vinapangwa chini pahali wazi, kuni, mavi ya ng'ombe yaliyokauka, nyasi juu, unawasha ukiomba upepo usigeuke na mvua isije. Vingine vinalia ndani ya moto, unasikia paa, na mama anajua pale pale kazi ya wiki mbili imepungua. Dana yangu, yaani nyanya yangu, alikua anahesabu hiyo milio bila kusema kitu. Mimi nilikua mtoto nikidhani anahesabu vyungu vizuri.

Sasa chukua bei ya chungu kimoja, utoe kuni, utoe nauli ya boda ya kukifikisha sokoni kikiwa kimefungwa na kanga kisigongwe, utoe vile vilivyopasuka, halafu gawanya kilichobaki kwa siku zote zile. Ndio utajua kwa nini wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi tulifunzwa hiyo methali shuleni kama maneno matamu ya insha, mtengenezaji hana mwenyewe, tukapewa alama tukaendelea na maisha, lakini ukiisoma mbele ya huyu mama wa Kibuye ni taarifa tu ya jinsi mambo yalivyo, kwamba anayetengeneza vyungu anauza vizima vyote na kula kwa kipande kwa sababu hawezi mudu kubaki na kimoja.

Kwa hivyo binamu yangu ana haki ya kuuliza lile swali lake. Na ana hoja zingine pia. Sufuria inachemsha maji haraka na haivunjiki mtoto akiiangusha. Jerikeni ikianguka kutoka kwa boda unaokota unaendelea. Hizi vitu ziliwapunguzia wamama mzigo kabla mtu yeyote hajaanza kuongea juu ya haki zao, na mtu akisimama leo kuziita adui wa mila yafaa kwanza aulize mama anayeteka maji mtoni kama angependa kurudi kwa chungu cha kichwani. Hata lugha imeshakubali. Mtungi kwa Kiswahili ulikua chombo cha udongo cha maji, lakini hapa Kenya leo ukisema mtungi mtu anaona ile plastiki ya njano ya lita 20, ama ule wa gesi. Kigae nacho kimepanda mpaka juu ya paa za nyumba za watu wenye pesa. Maneno yamebaki, ni udongo wa dana ndio umetoka ndani yake.

Na sio vyombo tu, hata matumizi yaliondolewa. Zamani chungu kikubwa kuliko vyote kwa boma kilikua cha pombe, thago, wazee wanakaa kukizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, oseke, na Waluhya majirani zetu walikua na mtindo huo huo kwa busaa. Halafu serikali ikaingia vita na pombe za kienyeji, ile sheria ya kupiga marufuku chang'aa ya mwaka 1980 ndio watu wanaikumbuka zaidi, na busaa nayo ikaingia mafichoni. Kitu unachoficha huwezi kiweka kwa chungu cha watu kumi katikati ya uwanja, unakiweka kwa jerikeni ili askari wakija ukimbie nayo. Sheria ya mwaka 2010 ilipokuja kuruhusu chang'aa tena kwa masharti, tayari hakuna aliyekua anaagiza thago. Makanisa mengi pia yalikua yameshamaliza hiyo kazi kutoka upande mwingine. Mimi sitetei ulevi, nimezika watu wangu kwa sababu ya pombe, lakini tukitaka kujua soko la wamama lilienda wapi lazima tukubali kipande kikubwa kilichukuliwa kwa amri, na hakuna aliyewauliza wafinyanzi watauza nini badala yake.

Hapo ndio narudi kwa mjomba na wasichana wake wa kucha ndefu. Kuna mtafiti anaitwa Ingrid Herbich ambaye pamoja na Michael Dietler walikaa na wafinyanzi wa Kijaluo huku kwetu miaka ya themanini, na mwaka 1987 huyu Herbich akachapisha kitu kilichonifungua macho. Wengi wa hao wafinyanzi hawakujifunza kwa mama zao wazazi. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe ama kwa wake wenza, kwa boma la bwana. Na hata aliyekuja akijua kufinyanga kwa namna ya kwao alikua anabadilisha mkono wake ufanane na wa pale alipoolewa. Ndio maana mtindo wa sehemu moja unabaki hapo hapo vizazi na vizazi wakati watengenezaji wenyewe wametoka pande zote.

Fikiria hiyo maana yake. Shule ya ufinyanzi ilikua ni boma la ukweni, mwalimu alikua mama mkwe, na karo ilikua jasho la msichana mgeni ambaye ndio amefika, hana ng'ombe, hana shamba lake, hana pa kwenda, na anajua akikataa kuinama kwa udongo atasemwa mpaka kwao. Huo mfumo ulitoa wafinyanzi hodari sana, sikatai. Lakini ulisimama juu ya msichana asiye na chaguo lingine. Siku alipopata chaguo, shule ya msingi ikawa bure mwaka 2003, wengine wakafika sekondari na kollej, wakaolewa na vijana wanaokodi nyumba Nyalenda, Pipeline, Kayole, wanaona mama mkwe Krismasi na kwa matanga, hiyo shule ikakosa wanafunzi. Hakuna aliyeua kitu. Ni wanafunzi walikua hawalipwi na hawakua wamejiandikisha wenyewe, na mlango ulipofunguka wakatoka. Mjomba akitaka kulaumu mtu atafute kwanza kijana mmoja wa kiume wa hiyo familia aliyeambiwa aache shule akafunzwe kazi isiyolipa ili mila isife.

Lakini sasa binamu yangu naye. Kusema ilikua umaskini mtupu si kweli, na hapa naongea kwa sababu nililelewa na hizo pesa. Kwa dana yangu pesa ya chungu ilikua yake. Pesa ya ng'ombe ilikua ya mzee, ya pamba pia mzee ndiye alikua anaenda kuipokea, lakini chungu alichobeba mwenyewe mpaka soko kikauzwa, ile shilingi ilirudi imefungwa kwa ncha ya leso yake na hakuna mwanaume aliyeuliza. Hiyo ndio ilinunua kuku, kuku wakawa mbuzi, na mbuzi mmoja ndiye alinunua yunifomu yangu ya darasa la kwanza. Alikua anajulikana kwa jina lake soko mbili tatu, si kama mke wa fulani. Mwanamke kuwa na kazi ya mikono inayotambulika, wakati hana hati ya shamba wala akaunti ya benki, hicho si kitu kidogo cha kutupa na kusema heri imeisha. Tukisema wapumzike tuangalie pia wanapumzikia wapi. Wengi wa wale walioacha udongo hawakuingia ofisini, wameingia kuuza omena kwa mkopo, kufulia watu nguo, kwenda Saudia. Sina hakika kila mara hayo ni mapumziko.

Kuna jambo lingine ambalo pande zote mbili wanakosea, nalo ni kuongea kama ufinyanzi ni kitu kimoja kilichokaa vile vile tangu zamani mpaka plastiki ikaja. Hapa Siaya kuna mahali panaitwa Urewe, na jina hilo linajulikana na wanaakiolojia wa dunia nzima kuliko linavyojulikana na watoto wetu, kwa sababu vyungu vilivyopatikana hapo, vile vyenye kishimo chini kama mtu amebonyeza kwa kidole gumba, vilielezwa kwa maandishi mwaka 1948 na Mary na Louis Leakey pamoja na yule Archdeacon Owen wa misheni, na leo aina hiyo ya vyungu kote kuzunguka Ziwa, Uganda, Rwanda, Tanzania, inaitwa Urewe. Ni ya zamani za mwanzo wa chuma huku kwetu, karne nyingi kabla Waluo hawajafika. Na kuna vyungu vya zamani kuliko hivyo vinavyoitwa Kansyore, vya watu waliokua wakivua na kuwinda kando ya hili ziwa hata kabla ya chuma. Udongo wa huku umepita mikono ya watu wa lugha nyingi na kila mmoja ameubadilisha. Kwa hivyo mtu akiniambia chungu chenye mfereji, yaani bomba la kutolea maji, si mila, namwambia hata chungu cha dana yangu kingeshangaza mtu wa Urewe.

Na chungu chenye mfereji kipo, sikitungi. Baada ya kipindupindu cha miaka ya 1997 na 1998, wakati wa zile mvua za El Niño, watu wa afya walianza kutafuta njia ya maji safi nyumbani huku Nyanza. Tatizo la chungu cha kawaida ni mdomo, ni mpana, kila mtu anazamisha kikombe na mkono wake. Lakini watu hawakutaka kuacha chungu, maji yake ni baridi na yana ladha, na hiyo baridi haina uchawi, maji yanapenya polepole kwa udongo mpaka nje, yanapaa, na yakipaa yanabeba joto. Basi shirika la CARE na CDC, ile taasisi ya afya ya Marekani, wakafanya kazi Homa Bay na wafinyanzi wenyewe, chungu kikapewa mdomo mwembamba, kifuniko, na mfereji chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha hivyo vyungu na vyombo vya plastiki, maji yakiwa yametiwa dawa ya klorini, na vyungu havikuaibika. Mimi hiyo nikiisoma nafurahi sana, juu ni mara moja ambayo mtu wa maabara na mama wa udongo waliketi meza moja na kila mmoja akahitaji mwenzake.

Mfano wa pili ni jiko la Upesi, lile la kuni, ambalo ndani yake ni udongo uliochomwa. Kuanzia miaka ya themanini vikundi vya wamama magharibi ya Kenya vilifunzwa kuyatengeneza kwa kutumia kalibu, ili kila jiko litoke saizi moja, na mashirika kama GTZ, Maendeleo ya Wanawake na ITDG, ambayo baadaye ikaitwa Practical Action, yalihusika. Wamama wa Keyo hapa upande wa Kisumu ni moja ya vikundi vilivyojulikana sana kwa hiyo kazi. Jiko linakula kuni kidogo kuliko mawe matatu, na mfinyanzi aliyekua ameachwa na soko la vyungu akapata kitu cha kuuza.

Lakini hapa tusikimbie kushangilia. Ukitumia kalibu hauhitaji kujua kuzunguka chungu kwa mkono, unahitaji kujua kujaza na kukata. Pesa imekuja, ujuzi mwingine umelala. Je, hiyo ni kuokoa ama ni kuzika polepole? Nimebadilisha mawazo mara nyingi juu ya hii. Nafikiri mwishowe namuunga mkono mama aliyechukua kalibu, kwa sababu alibaki na udongo mkononi na pesa mfukoni, na mtu aliye karibu na udongo anaweza rudi kufinyanga siku mteja akija, yule aliyeenda Nairobi kuuza mitumba hawezi. Hata hivyo, miradi ya wafadhili ina mwanzo na mwisho wake, na ikiisha mama anabaki na kalibu na wateja wa kijijini ambao hata jiko la mkopo wanalipa nusu nusu.

Ukiendea barabara ya Kakamega, pale Ilesi, utaona kitu kingine. Vyungu vimejaa kando ya lami, na vingi ni vya maua. Mtu akikuambia ufinyanzi umekufa mpeleke Ilesi. Ila angalia vizuri ni nini kinauzwa na ni nani anayekifinyanga. Chungu cha maua hakihitaji kustahimili moto wa jikoni wala kupoza maji, kinahitaji kupendeza na kupakwa rangi, na wanaume na vijana wameingia hiyo biashara kwa nguvu. Sina kinyongo na kijana anayejitafutia, na itakua ajabu nimlaumu mjomba kwa kufungia wasichana kwa udongo halafu nifungie wavulana nje. Ninachosema ni kwamba sehemu nyingi za dunia imeonekana, ufinyanzi ukiwa wa mkono na wa jikoni unakua wa wanawake, ukiingia gurudumu, tanuru na lori la kwenda mjini unahamia kwa wanaume. Kwa hivyo swali la vyungu kuisha na swali la wamama kuisha kwa vyungu ni maswali mawili. La kwanza naweza lala nalo. La pili linaniumiza.

Sasa watu husema, si wauzie watalii na mahoteli, wafanye sanaa. Na mfano unaotolewa ni mkubwa, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza, na miaka ya sabini akapitia Abuja kule Nigeria (mji ambao leo unaitwa Suleja, si mji mkuu) ambako alikutana na Ladi Kwali, yule mfinyanzi mwanamke ambaye Wanigeria wamemweka kwa noti yao ya naira 20. Odundo hatumii gurudumu. Anapandisha udongo kwa mkono, analainisha mpaka ung'ae, anachoma uwe mwekundu ama mweusi, na vyungu vyake viko British Museum na vinauzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni. Mwaka 2020 wakampa cheo cha Dame. Nikiona kazi yake najivunia kama ni dada yangu. Lakini kumtaja yeye kama jibu kwa mama wa Kibuye si haki kwa yeyote kati yao. Odundo alienda chuo miaka mingi, ana matunzio, ana wanunuzi, ana jina, na kila chungu chake ni kimoja peke yake. Mama wa Kibuye anafinyanga chombo cha kutumika, na uzuri wake uko hapo, kwamba ni kizuri na kinapikiwa maharagwe. Kinachonisumbua ni kile kinachofanana kati yao, kwamba mbinu ambayo kule inaitwa ustadi wa hali ya juu huku tunaiita kazi ya wamama wasiosoma, na bei tunaipanga kulingana na hilo jina.

Na mahoteli yenyewe nimeyaona. Jirani yetu mmoja alipelekea hoteli fulani vyungu ishirini vya mapambo, alikopa kuni, akalipa pikapu. Alilipwa baada ya miezi minne, kwa vipande, na viwili walimwambia vilikua na ufa kwa hivyo wakakata. Baada ya hapo alisema afadhali sokoni, pale mtu akichukua chungu ameacha pesa.

Ndio maana mimi sijui kama orodha za urithi zinatosha. UNESCO waliandika ufinyanzi wa wanawake wa Sejnane kule Tunisia mwaka 2018, na kabla yake mwaka 2012 ule wa Kgatleng huko Botswana ukaingia orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka, na sisi wenyewe huku magharibi tuna ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliyoingia orodha hiyo ya haraka mwaka 2014. Pia tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Vizuri, na ningependa vyungu vyetu viandikwe pia. Lakini Isukuti ina matanga na harusi na siasa, inaitwa kila wikendi na inalipwa. Chungu kikiandikwa Paris na hakuna anayekinunua soko la Luanda hapa Vihiga bado kitaisha, ila kitaisha kikiwa na cheti.

Kuna pesa nyingine ambayo iko karibu sana na hatuigusi. Tangu mwaka 2013 kuna mpango wa AGPO, asilimia 30 ya manunuzi ya serikali yaende kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kaunti zetu zinanunua vyungu vya maua vya ofisi, zinanunua vyombo vya maji vya zahanati na chekechea, zinapamba mabarabara wageni wakija, kama ule mkutano wa Africities uliofanyika hapa Kisumu Mei 2022. Ni vingapi kati ya hivyo vinatoka kwa mkono wa mama anayeishi kilomita kumi kutoka ofisi ya ugavi? Na shida si kwamba mama hajui kutengeneza. Shida ni karatasi, kikundi kisajiliwe, kipate cheti cha kodi cha KRA, risiti ya kodi ya mtandaoni ya eTIMS, akaunti ya benki, halafu kingojee malipo ambayo hata makontrakta wakubwa wanalilia. Mama hana miezi sita ya kungojea. Kaunti ikitaka kumsaidia kwa ukweli imlipe siku anapoleta, hata kama ni kwa kumpitia afisa wa utamaduni na bajeti ndogo, hiyo ingefanya zaidi ya tamasha la siku mbili na fulana za bure.

Jambo la pili ni shule. Watoto wa huu mtaala wa CBC wanafunzwa kufinyanga, kutengeneza chungu kwa kubonyeza na kwa kukunja kamba za udongo, na wazazi tunakimbizana usiku kutafuta udongo wa mradi wa mtoto. Wakati huo huo kuna mwalimu wa hiyo kitu ameketi kwake Seme ama Karachuonyo na hakuna aliyemwita. Aitwe, na alipwe kwa siku kama mtaalamu, si kushukuriwa kwa soda na leso. Serikali imekua ikisukuma mpango wa kutambua ujuzi wa mtu hata kama hakupitia darasani, mafundi wa magari na wajenzi wanapewa vyeti, sioni kwa nini mama aliyefinyanga miaka arobaini asiwe kwenye hiyo foleni. Na hapo msichana anayejifunza kwake atakua amekuja kwa hiari, na mvulana pia, na hakuna atakayemwambia ni wajibu wa ukweni.

Najua kuna mtu atasema hivyo vyote ni gharama na plastiki ni bei rahisi. Ni kweli, plastiki ni rahisi kwa anayenunua leo. Lakini ile bei ya chini ya chungu ambayo tumeizoea pia haikua bei ya kweli, ilikua imelipiwa na mgongo wa mtu ambaye hakuruhusiwa kukataa. Tukikipa bei yake halisi wengine watashindwa kukinunua, na vyungu vitapungua, na nimeanza kukubali hilo. Afadhali wabaki wafinyanzi kumi wanaolipwa vizuri na wanaotaka kuwa pale, kuliko mia wanaokula gaeni tukiwapigia makofi. Mjomba hatapenda kusikia hivyo. Binamu pia, nafikiri, angependa nimalizie kwa kusema basi iishe.

Jumapili iliyopita nilirudi Kibuye. Mama alikua amebaki na chungu kimoja. Nikamwomba anitengenezee dapi yenye mdomo mwembamba na mfereji, akasema anajua kuitengeneza lakini mfereji nilete mwenyewe, na kuni zimepanda. Tukaongea bei, sikuipunguza. Akaniambia mjukuu wake wa kiume, wa darasa la sita, amekua akimpondea vigae Jumamosi bila kuitwa, na juzi ametengeneza kichungu kidogo akakificha nyuma ya ghala kwa sababu wenzake watamcheka. Nimelipa nusu. Kinachomwa wiki ya tatu kutoka sasa, pamoja na hicho kidogo, mvua ikikubali.